Msaada wa shule unaompita mama haufiki mbali

Kila mwezi wa tisa, magari ya mashirika ya misaada yanaonekana tena kwenye barabara za Walungu, Kabare, Kalehe na Fizi. Ndani yake kuna makaye, biki, mifuko ya mgongoni, pengine na viatu. Watoto wanapangwa mstari, direkta wa shule anatoa hotuba, picha zinapigwa, na gari linarudi Bukavu ao Uvira kabla mvua haijaharibu njia.

Hakuna ubaya katika kazi hiyo. Kaye ni kaye, na mtoto aliyepewa viatu hatembei tena miguu mitupu kwenye mawe. Lakini mwalimu wa kijijini anajua kinachofuata. Ikifika mwezi wa pili, viti vinaanza kubaki wazi, na vingi ni vya wasichana wa darasa la tano na la sita. Mfuko uliotolewa mbele ya kamera unaonekana siku ya soko, mgongoni mwa msichana aliyebeba mihogo.

Msaada wa namna hiyo umekosea mlango. Unaingia kupitia shule, wakati kinachomtoa msichana shuleni kiko nyumbani, katika lile fundo la kitenge ambamo mama yake anafungia feza. Fundo hilo likiwa tupu, mfuko mupya hauwezi kumrudisha mtoto darasani. Shirika linalotaka msichana wa kijijini afike kwenye diploma ya serikali linapaswa kuanza na uwezo wa mama yake, na kuacha kijijini kitu ambacho kitabaki siku mradi utakapokwisha.

Masomo ya bure yanaishia wapi

Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, inasema kwamba masomo ya msingi ni ya lazima na ya bure katika mashule ya serikali. Wazazi walingoja hadi mwezi wa tisa 2019 ndipo maneno hayo yaanze kutekelezwa chini ya Raisi Félix Tshisekedi. Kabla ya hapo, tangu mwanzo wa miaka ya 1990, wakati serikali ya Zaire iliposhindwa kulipa walimu wake, ni mzazi aliyebeba shule mgongoni. Alilipa feza za motisha ya mwalimu, alilipa karatasi za mtihani, alilipa hata makaratasi ya ofisi zilizokuwa juu ya shule. Msichana ndiye aliyekuwa wa kwanza kurudishwa nyumbani pale kaka yake alipobaki darasani.

Mabadiliko ya 2019 yalikuwa makubwa, na anayeyadharau hakuona madarasa yalivyojaa. Lakini mlango uliofunguliwa ni wa shule ya msingi tu. Sheria ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014 juu ya elimu ya taifa inahesabu miaka 8 ya elimu ya msingi, ikiwa ni darasa la kwanza hadi la nane. Katika maisha ya kila siku, bure inaishia darasa la sita. Kuanzia la saba, mzazi anakutana na minervali inayopangwa kila mwaka na jimbo, na juu yake kuna nguo ya bulu na nyeupe, vitabu, na mara nyingi safari ndefu, kwa sababu kijiji chenye shule ya msingi mara nyingi hakina sekondari.

Kwa hiyo bure ya 2019 haikuondoa ukuta ulio mbele ya msichana. Iliusogeza. Zamani aliugonga akiwa na miaka 8 ao 9. Leo anaugonga akiwa na miaka 12 ao 13, wakati ambapo jirani wanaanza kusema kwamba amekuwa mkubwa. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya 2009 inakataza ndoa ya mtoto, na Sheria ya Jamaa iliyorekebishwa 2016 inaweka miaka 18 kwa msichana sawa na kwa mvulana. Lakini msichana wa miaka 13 anayekaa nyumbani bila shule na bila kazi hana mlinzi mkubwa katika sheria ambayo hakuna mtu kijijini aliyeisoma. Mlinzi wake wa kweli ni darasa la saba.

Mwezi wa tisa una madai mawili

Wanaopanga miradi katika ofisi za Bukavu na Goma mara nyingi wanasahau jambo moja ambalo kila mkulima analijua. Katika milima ya Kivu, mwezi wa tisa ndio mwanzo wa msimu wa kwanza wa kulima, ule unaoitwa msimu A. Mvua inarudi, mashamba yanangoja mbegu za maharagi na mahindi, na mavuno yatakuja mwaka mupya ukishaanza. Wakati huohuo kengele ya shule inalia.

Yaani, katika mwezi mmoja, nyumba moja inadaiwa mara mbili. Mbegu zinataka feza leo, na shule inataka feza leo. Chakula cha msimu uliopita kimekwisha ao kimeuzwa. Mama akinunua mbegu, mtoto atarudishwa na prefe. Akilipa shule, shamba litalimwa nusu, na mwezi wa pili nyumba italala njaa, kisha mtoto ataitwa kubeba mizigo. Viti vinavyobaki wazi katikati ya mwaka vilianza kuwa wazi tangu mwezi wa tisa.

Juu ya hayo kuna swali la shamba lenyewe. Katika Bushi, desturi inajua njia mbalimbali za kupata udongo. Kalinzi inampa mtu haki ya kudumu juu ya shamba, na kwa desturi ilipatikana kwa kumpa mkubwa ng'ombe. Ni mambo ya wanaume. Bwasa ni kukodi shamba kwa muda mfupi, na ndiyo njia ya maskini, wajane na wanawake walioachwa. Mama anayelima kwa bwasa hapandi kahawa wala miti, kwa sababu mwaka ujao mwenye udongo anaweza kumwambia aondoke. Anapanda kinachoiva haraka, anauza haraka, mara nyingi kwa bei ya chini. Sheria ya Jamaa inahesabu watoto wote kuwa warithi wa kundi la kwanza, bila kutenga msichana na mvulana. Vijijini, bado dada anaambiwa kwamba shamba lake liko kwa mume wake, na kwa mume anaambiwa kwamba yeye ni mgeni.

Mwanamke wa namna hiyo analima, anapalilia, anavuna, anabeba hadi soko, na jioni hana la kusema juu ya feza. Kumpa mtoto wake kaye bila kugusa jambo hilo ni kama kupangusa maji sakafuni wakati paa linavuja.

Sanduku lenye kufuli tatu

Dawa moja imekwisha kujaribiwa, na haikutoka mbali. Katika mwaka 1991, huko Maradi, nchini Niger, shirika la CARE lilianza kusaidia vikundi vya wanawake kuweka akiba na kukopeshana bila benki na bila mtaji kutoka nje. Njia hiyo ilitembea Afrika nzima. Katika Congo inajulikana kwa jina la AVEC, na leo ni vigumu kupata kijiji kikubwa katika Kivu ambacho hakijaisikia.

Kazi yake ni nyepesi kueleza. Watu kati ya 15 na 25 ao 30 wanaojuana wanakutana kila juma. Kila mmoja ananunua sehemu moja hadi tano, kadiri ya uwezo wake, na inaandikwa kwenye kijitabu chake kwa alama ambayo hata asiyejua kusoma anaihesabu. Feza zinaingia katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu ambao hawatunzi sanduku. Anayehitaji anakopa mbele ya wote, kwa faida ndogo iliyokubaliwa na wote. Kuna pia kikapu cha pembeni kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Baada ya miezi 9 hadi 12, wanagawana kila kitu, akiba pamoja na faida, na wanaanza upya.

Hesabu yake inaonyesha nguvu yake. Wamama 25 wakiweka kila mmoja franka 2.000 kwa juma, sanduku linapokea franka 50.000. Baada ya majuma 40, kuna franka milioni 2 zilizotoka katika kijiji chenyewe, kabla ya kuhesabu faida. Kila mama anaondoka na 80.000 zake na zaidi. Hakuna mfadhili aliyezitoa, kwa hiyo hakuna mfadhili anayeweza kuzikata.

Hapa ndipo msaada wa shule na nguvu ya mwanamke vinapokutana. Vikundi vingi vinapenda kugawana mwezi wa kumi na mbili, karibu na sikukuu, na feza zinakwenda kwa nguo na chakula cha Noeli. Kikundi kikianza mwezi wa kumi na kugawana mwishoni mwa mwezi wa nane, mama anafika mwezi wa tisa akiwa na mbegu mkono mmoja na minervali mkono wa pili. Ni kubadilisha tarehe tu, na haiombi dola hata moja. Shirika linalotoa mafunzo ya AVEC na pia linagawa makaye lingeweza kufanya mambo hayo mawili yasaidiane. Mara nyingi yanafanywa na ofisi mbili za shirika moja ambazo hazisemezani.

Mfano wa Zimbabwe

Kuna wanaosema kwamba tatizo la msichana wa kijijini ni akili ya wazazi wake: hawapendi shule, wanapenda mahari. Miradi mingi ya "kuhamasisha" imejengwa juu ya wazo hilo, ikiwa na tisheti, maigizo na matangazo ya radio.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Mwingereza Ann Cotton alikwenda Mola, kijiji cha mashambani nchini Zimbabwe, kuchunguza kwa nini wasichana hawaingii shule. Aliambiwa mapema kwamba ni desturi. Wazazi wenyewe walimweleza jambo lingine: feza hazitoshi, na zisipotosha anachaguliwa mvulana kwa sababu ana nafasi kubwa zaidi ya kupata kazi yenye mshahara. Mwaka 1993 alianzisha shirika la CAMFED kwa kusaidia wasichana 32. Leo linafanya kazi Zimbabwe, Zambia, Ghana, Malawi na Tanzania, na mwaka 2021 lilipewa zawadi ya Hilton, mojawapo ya zawadi kubwa katika kazi ya misaada.

Ukubwa wake si ndio unaopaswa kuangaliwa na Kivu. Cha kuangalia ni namna linavyofanya kazi. Katika kila wilaya kuna kamati ya watu wa palepale, wazazi, walimu, wakubwa wa desturi na watumishi wa serikali, ambao ndio wanachagua mtoto gani asaidiwe, kwa sababu wao wanajua nyumba gani ina njaa. Wasichana waliomaliza shule wana umoja wao tangu 1998. Baadhi yao wanarudi katika mashule ya kijijini kufuata wadogo zao, kuwaongoza na kuwatafuta nyumbani wanapokosekana, na kwa kazi hiyo wanapata mkopo usio na faida ya feza: faida wanailipa kwa muda wao. Aliyesaidiwa jana ndiye anayesaidia leo.

Kivu ina mbegu za kazi kama hiyo. Cité de la Joie, iliyofunguliwa Bukavu mwaka 2011, inapokea kwa miezi 6 wanawake waliopitia ukatili wa vita, na inawatayarisha kurudi kwao wakiwa viongozi. Wakfu wa Panzi, karibu na hospitali iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, unafundisha kusoma na kazi za mikono pamoja na matunzo ya hospitali. Katika sehemu zote mbili, mwanamke hahesabiwi kama mdomo wa kulishwa. Anahesabiwa kama mtu atakayerudi kubadilisha mahali alipotoka.

Yanayoweza kuharibu

Sanduku la AVEC si miujiza. Wapo wenye kukopa kwa ajili ya karamu na kushindwa kulipa. Wapo waandishi wa kikundi wanaokimbia na kijitabu. Na zipo nyumba ambamo mume anangoja siku ya kugawana kama anavyongoja mushahara wake mwenyewe, feza zikaishia kwenye kasiksi. Sheria ya 2016 iliondoa ile ruhusa ya mume ambayo mwanamke aliyeolewa alipaswa kupata kabla ya kufanya mkataba ao kazi. Hata hivyo, sheria hiyohiyo iliacha mume kuwa mkubwa wa nyumba, na kijijini wengi wamesikia sehemu hiyo tu.

Kuna hatari nyingine ambayo mashirika hayapendi kuitaja. Mama wa kijijini anaamka kabla ya jua, anachota maji, anakwenda shamba, anatafuta kuni, anapika. Mradi unapokuja na mikutano mitatu kwa juma, mafunzo ya sabuni, shamba la mfano na salongo ya barabara, nani anabaki na mtoto mdogo? Msichana wa miaka 11. Mradi ulioandikwa kuinua mwanamke unamtoa binti yake darasani, na ripoti haina mahali pa kuandika jambo hilo. Uwezo wa mwanamke unaanza kwa kumpunguzia mzigo: maji karibu, mashine ya kusaga mihogo karibu, mikutano michache na mifupi, na mume anayejua kwamba mtoto ni wa wote wawili.

Basi wanaume hawawezi kuachwa nje ya mlango. Baba anayeona kijitabu cha mke wake, anayejua kwamba feza hizo zina jina la mtoto na jina la darasa, ni vigumu zaidi kwake kuzigusa. Vikundi vinavyoandika tangu mwanzo kwamba sehemu fulani ya mgawo ni ya shule, na kuilipa moja kwa moja kwa prefe mbele ya wanachama, vinamkinga mama na ugomvi ambao angeubeba peke yake.

Somo la 2025

Mwaka 2025 ulionyesha wazi nani anasimama juu ya miguu yake. Mwezi wa kwanza, serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 mwezi wa saba shirika la USAID likafungwa. Marekani ndiyo iliyokuwa ikitoa sehemu kubwa zaidi ya msaada wa kibinadamu katika Congo. Mishahara ilikatika, ofisi zilifungwa, na miradi iliyoahidi miaka mitatu ilikufa ikiwa na mwaka mmoja. Wakati huohuo vita vilifika mijini: M23 iliingia Goma mwishoni mwa mwezi wa kwanza, na Bukavu katikati ya mwezi wa pili. Benki zilifunga milango, viwanja vya ndege vikafungwa, na mtu mwenye akiba yake benki hakuweza kuigusa.

Sanduku la mbao nalo haliko salama mbele ya bunduki. Kikundi kinapokimbia, sanduku linaweza kuibiwa njiani ao kubaki nyuma. Lakini kuna kitu hakiwezi kuibiwa: watu 25 waliozoea kuaminiana, wanaojua kuandika deni na kulilipa. Wakifika penye usalama, wanaweza kuanza upya na franka 500. Mradi uliokuwa unategemea gari la ofisi hauwezi kuanza upya bila gari.

Kinachopaswa kubadilika

Mashirika, makubwa na madogo, yanapaswa kuacha kuhesabu makaye yaliyogawanywa na kuanza kuhesabu wasichana walioketi darasani mwezi wa sita, na waliovuka kutoka la sita hadi la saba. Mfadhili anayetaka picha apewe picha ya mwezi wa sita. Uchaguzi wa watoto uende kwa kamati za palepale. Kila shule tayari ina kamati ya wazazi, COPA, na baraza la usimamizi, COGES, ambazo mara nyingi zinaitwa kutia sahihi tu. Na kila mradi useme tangu siku ya kwanza kitakachobaki kijijini siku gari litakapoacha kuja.

Waami na mashefu wana ufunguo ambao hakuna shirika linalo. Wakikubali kwamba vikundi vya wanawake vipate shamba kwa miaka mitano ao kumi, kwa maandishi na mbele ya mashahidi, mama ataweza kupanda kahawa, ndizi na miti, na kuwa na mavuno ya kutegemea mwaka kwa mwaka.

Serikali, nayo, haiwezi kujificha nyuma ya masanduku ya wamama. Sheria yake ya 2014 inasema miaka 8, na darasa la saba na la nane bado ziko nje ya bure. Walimu wanaoitwa "vitengo vipya", ambao hawajaingizwa kwenye orodha ya mishahara, bado wanafundisha wakingoja. Kila franka ambayo mama anatoa kulipa mwalimu asiyelipwa na serikali ni franka iliyotoka kwenye mbegu.

Mama wa Kivu hajawahi kungoja mtu wa kumfundisha kufanya kazi. Wanaobeba mizigo mgongoni kwenda Kadutu, wanaouza sambaza pembeni ya ziwa, wanaolima milima iliyoinama kama ukuta, wanajua kazi kuliko wataalamu wengi. Wanachokosa ni shamba ambalo hawatafukuzwa, feza ambazo hawatanyang'anywa, na shule ambayo haimfungii mtoto wao mlango akifika miaka 12. Msaada utakaogusa mambo hayo matatu utamfikisha msichana kwenye diploma. Ule mwingine utamfikisha mwezi wa pili.